Balozi Anayesifiwa na Jirani

9 Februari

Shikamoo Baba,

Nimefika salama, na jana nimewasilisha hati zangu za utambulisho. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoniagiza, maana simu za huku, kwa maneno yako mwenyewe, zina watu wengi ndani. Barua itasafiri kwenye mkoba wa ubalozi hadi wizarani, na kutoka hapo itapanda basi kuja kwenu.

Ikulu yao ni ndefu, Baba. Nilitembea ukumbini mpaka viatu vipya vikaanza kunila vidole, na mlango wa Rais nilikuwa sijauona bado. Nikajiambia, kumbe ndivyo wanavyomchosha mgeni, ili akifika awe hana nguvu ya kubisha. Wizara yao ya mambo ya nje ina ghorofa ishirini. Sisi ubalozi wetu uko ghorofa ya tatu, juu ya daktari wa meno. Mashine yake ikianza kulia, Katibu wangu anakimbilia kufunga madirisha, lakini wapi. Jana alikuja mwenye malori mmoja kutueleza shida zake, akawa anaongea huku kajishika taya.

Waziri wao alinipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Alisema, "Tumekuwa tukisubiri mtu wa kuzungumza naye." Sikujua kama ananisifu mimi au anawasema walionitangulia. Nikatabasamu, yakaisha.

Kazi niliyotumwa unaijua: mkataba wa malori ya mafuta. Kila tone tunalochoma kwetu linapita kwenye barabara zao, na siku wakitununia sisi tunatembea kwa miguu. Nisaidie mawazo. Kwetu hakuna anayemjua Jirani kukushinda wewe.

Msalimie Mama. Mwambie mapazia ya nyumba ya balozi ni mabaya kama alivyotabiri.

Binti yako


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika na alama ya vidole vya kondakta, ila gundi ya bahasha ilikuwa nzima. Nimekagua.

Mama yako amefurahi kupita kiasi. Ameisoma kwa sauti barazani mpaka fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara anajua viatu vyako vinabana. Mimi nimefurahi kwa kiasi.

Sasa sikiliza. Usitabasamu kwanza. Mwache yeye atangulie, wewe umjibu. Nchi ndogo ikitangulia kucheka inaonekana inaomba. Mimi nilikaa mezani kwao asubuhi nzima, wakanisomea masharti yao, nikasema hapana, nikafunga faili, nikatoka. Chai yao niliiacha inapoa. Niliposhuka kwenye ndege nyumbani, uwanja umejaa watu wananiita Mzee Hapana, na jina hilo ninalo mpaka leo bila kuliomba.

Ushujaa ule ndio ulionistahilisha kiti unachokalia. Niliahidiwa mara mbili, na mara mbili akapelekwa mwingine. Mimi nikatupwa kwenye nchi ya baridi isiyo na mpaka nasi wala ugomvi nasi, kazi yangu kufungua maonyesho ya vikapu. Wenzangu wizarani walinionea kijicho, hilo nalijua. Sikuambii haya ili kukuharibia furaha.

Ukumbi wa Ikulu hukunieleza vizuri. Zile picha za marais bado ziko upande wa kushoto? Na Waziri wao, alipokusalimu, alijua wewe ni binti wa nani? Waliniulizia? Nauliza tu.

Baba yako


14 Machi

Shikamoo Baba,

Mazungumzo yanakwenda vizuri mpaka naogopa.

Wanachotaka ni kimoja: tuache kujenga ile barabara ya mlimani inayokwenda bandari ya upande wa pili. Wakitufungia wao, tusiwe na pa kupitia. Mimi nimefanya hivi. Kila kisichotugharimu nimekikubali haraka, tena kwa tabasamu (samahani). Wametaka vikao vyote viwe kwao, nikasema sawa. Wametaka jina lao litangulie kwenye karatasi, sawa. Picha za magazetini, sawa. Nimebakiza kitu kimoja cha kukataa, na hata hicho sijakikataa kwa sauti. Nimewaambia mkataba huu ni wa malori, barabara haimo. Basi rasimu haitaji barabara kabisa, si kwa kuikataza wala kuiruhusu. Waziri wao atawaambia watu wake hajaturuhusu kitu, na sisi tutaendelea kupasua mawe mlimani kimyakimya. Lakini ikiandikwa tu, itabidi atoe jibu, na jibu lake unalijua. Haya nakuambia wewe peke yako. Siri ikifika kwako imeingia kaburini.

Juzi Waziri na mkewe walinialika nyumbani kwao. Mezani tulikuwa sita tu. Mkewe alinipakulia mwenyewe, akaniambia, "Kula bwana, usione haya. Wewe sasa ni binti yetu." Nikajua ni mambo ya siasa, lakini niko mbali na nyumbani, Baba. Nisikudanganye, yalinigusa.

Uliuliza kama walikuulizia. Mkuu wao wa Itifaki, mzee mwembamba anayeongea polepole, anakukumbuka sana. Habari yake ni ndefu. Nitakusimulia nikija likizo.

Picha zipo, ila ni upande wa kulia.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

"Binti yetu." Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Mimi ndiye niliyekubeba mabegani siku ya gwaride ili uone bendera ikipanda. Mimi nilikaa nawe mezani mpaka ukaweza kusoma hotuba bila kutetemeka. Leo mwanamke asiyejua hata ulizaliwa na uzito gani anakupakulia chakula na kukuita wao. Nawe ukala.

Kuhusu rasimu, sikubaliani nawe. Kunyamaza si sera. Ningekuwa mimi, barabara ingekuwa kifungu cha kwanza, kwa herufi nzito, na wasipotaka wabaki na chai yao. Mtu akiona umekwepa kutaja jambo, anajua unaliogopa. Lakini kiti ni chako, mimi nani.

Habari ya mzee wa Itifaki, hata kama ni ndefu, barua ina nafasi. Sijui kwa nini unaiweka.

Mimi sijambo. Nimepata kishughuli cha asubuhi, mambo ya kuandika andika tu. Mama yako anashukuru kwamba simfuati tena jikoni kumpangia sufuria.

Baba yako


25 Aprili

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nikiwa nimechoka roho. Bila shaka umeyaona magazeti ya Jumapili. Huyo anayejiita "Jicho la Mpakani" ananikalia kooni wiki ya tatu hii. Kwanza aliuliza, "Balozi anayesifiwa na Jirani anamfanyia kazi nani?" Nikacheka, nikasema kila mtu ana kazi yake. Wiki iliyofuata akaandika kwamba rasimu haitaji barabara ya mlimani, "ilhali barabara hiyo ndiyo pumzi yetu", na akauliza nimeiuza kwa kiasi gani.

Hapo sikucheka. Rasimu hiyo tunayo watu wachache sana. Ndani ya ubalozi ni mimi na Katibu. Nimemwondoa Katibu kwenye faili, Baba. Hakubisha. Aliniwekea funguo mezani, akasema, "Sawa, Mheshimiwa," akaenda kukaa mapokezi. Tangu siku ile mashine ya meno ikilia, hakuna anayekwenda kufunga dirisha.

Na Waziri wao naye kanigeukia. Wabunge wake wamelisoma gazeti letu, sasa wanamwuliza mbona kakaa kimya kuhusu barabara. Kimya nilichokijenga wiki nzima, huyo mtu kakipigia ngoma.

Nina ombi. Jina lako lina uzito. Wewe andika, kwa jina lako kamili, useme kwamba kazi hii inafanywa kwa akili. Wakiona Mzee Hapana ananitetea, huyo Jicho atafumba. Na kama una watu wako gazetini, nitafutie ni nani.

Binti yako


6 Mei

Mwanangu,

Pole. Kazi yetu ndivyo ilivyo, leo unapigiwa makofi, kesho unapigwa mawe. Usiwasikilize sana waandishi.

Kuhusu kuandika kwa jina langu, nimelifikiria. Baba akimtetea mwanawe watu husema ni ya nyumbani hayo. Itakudhuru kuliko kukusaidia. Kuhusu huyo Jicho, gazeti halitoi majina, nimeuliza. Huenda ni mtu anayeipenda nchi yake kwa njia yake. Ana lugha nzuri, hilo tusimnyime.

Katibu usimwonee haraka. Mtu anaweza kuonekana na kosa asiwe nalo.

Mama yako anauliza kama unakula. Nimemwambia unapakuliwa.

Baba yako


18 Mei

Balozi Mstaafu,

Makala ya Jumapili imeniita "yule ambaye mezani kwa Waziri wao huitwa binti yetu".

Siku ile tulikaa sita. Mwenyeji, mkewe, mama yake kikongwe asiyesikia, mabalozi wawili wa nchi za mbali, na mimi. Hakuna kati yao anayeweza kuliandikia gazeti letu. Neno hilo nilimwandikia mtu mmoja tu duniani.

Nilikaa na gazeti mapajani nikakumbuka ile "ilhali". Nilikua nikiisikia mezani kwetu kila siku. Nikakumbuka Katibu alivyoniwekea funguo. Nimemwomba radhi leo. Aliniuliza kama nimempata mhusika, nikainuka kufunga dirisha.

Ile habari ndefu uliyoitaka, ichukue. Niliificha nisikuumize, sasa sioni tena sababu. Mzee wa Itifaki aliniambia kwamba wao ndio waliokuomba. Baada ya siku ile ulipowaachia chai yao, walisema huyu ndiye mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu akisema kitu anakimaanisha. Wakawaambia wakubwa zetu: tuleteeni huyo awe balozi. Mara zote mbili. Na wakubwa zetu wakaogopa. Wakasema, kama Jirani anamtaka hivyo, basi kuna kitu kati yao. Wakakutupa kwenye baridi. Si kwa sababu ulichukiwa na Jirani, Baba. Ni kwa sababu alikusifu.

Na wewe, kati ya watu wote, umenifanyia mimi hayohayo.

Nimeitwa nyumbani kwa mashauriano. Unajua maana yake kuliko mimi. Sitafikia kwenu, nitakaa hosteli ya wizara. Usinipigie.

Balozi, hadi Ijumaa


10 Juni

Mwanangu mama,

Hujambo? Sijaandika barua tangu nistaafu ukunga, kwa hiyo mwandiko unisamehe. Hupokei simu, nikasema basi nitampa dereva wa basi moja lililobaki barabarani.

Huku mafuta hakuna. Tangu uondoke kule, wamefunga mpaka, wanasema ni ukaguzi. Kituo cha mafuta foleni imepinda kona mbili. Watu wamepanga madumu wakarudi nyumbani kulala, kila dumu limeandikwa jina. Baba yako naye kapanga lake. Kaliandika "Balozi". Watoto wa shule wamefuta, wameandika "Jicho", maana barua yako ya mwisho niliisoma barazani kama kawaida, na mji mzima sasa unajua. Hakulifuta.

Jumatatu waliniita zahanati. Msichana, uzazi wake wa kwanza, mtoto kakaa vibaya, gari la wagonjwa halina hata harufu ya mafuta. Tukamlaza kwenye mkokoteni wa muuza maji, nikatandika khanga zangu, tukasukuma mpaka hospitali ya wilaya, mimi na mume wake na fundi baiskeli. Na baba yako. Nilimkuta pale foleni nikamwambia, "Mheshimiwa wa sebuleni, njoo ushike hapa." Kashika. Kasukuma mlima wote, viatu vyake vile vya ngozi vimekwisha. Mtoto mzima, mama yake aliishiwa damu lakini yuko hai. Tuliporudi baba yako aliketi kwenye ngazi akaniuliza, "Ni mimi?" Nikamwambia ndiyo, ni wewe. Sikumpaka mafuta.

Nisikilize. Nimeishi na mwanamume huyu, wivu wake naujua kama kikohozi chake. Alimwonea wivu hata daktari aliyenishona kidole, eti mbona kanishika mkono muda mrefu. Ulipoteuliwa alikutangaza mtaa mzima, halafu akaja ndani akajifungia chooni. Anakupenda, na kijiba cha roho kimemkaa hapohapo penye upendo, haviachani. Sikuombi umsamehe, hayo ni yenu. Nakuomba upokee simu yangu mimi. Mimi sijaandika gazetini.

Mama yako


22 Juni

Mwanangu,

Sina haki ya kukuandikia, naandika hivyohivyo.

Ni mimi. Makala zote. Nilianza nikijiambia ni kwa ajili ya nchi, na kuna asubuhi niliamini. Lakini nilipokuwa nikiandika nilikuwa naona ule ukumbi, naona wewe unatembea ndani yake, na roho inaniuma kama jino. Uliponiambia picha ziko upande wa kulia, nilikasirika siku nzima. Ni kosa la picha hizo?

Jana nimekwenda mjini kumwona Waziri wetu. Nilitaka kukusafisha jina. Nikamwambia, "Mheshimiwa, nimekuja kukiri. Jicho la Mpakani ni mimi."

Akacheka. "Mzee, kaa kwanza. Tunajua tangu makala ya kwanza. Nani mwingine nchi hii anatia 'ilhali' kila aya?"

"Basi mrudisheni binti yangu kazini. Mnajua hana kosa."

"Rasimu yake ni nzuri," akasema, "nukta kwa nukta. Jirani bado anaitaka. Lakini akitia saini yeye, watu watasema kauza. Umewaambia wewe mwenyewe, wakakuamini. Ila Mzee Hapana akitia saini, watasema kama hata huyu kakubali, basi hakuna hila. Na Jirani anakuhitaji. Aliwahi kukuomba zamani, sisi tukakataa kijinga."

Kwa hiyo ulichoniandikia ni kweli, na sasa nimekisikia kwa kinywa cha serikali.

Ameniomba niende kule nikakamilishe. Niwe balozi.

Nilitakiwa kukataa palepale. Kukataa ndiyo kazi niliyoijua maisha yangu yote, lakini nikamwomba siku chache. Na nitakuambia lililo baya zaidi, maana nimechoka kukuficha. Nilipotoka ofisini, kabla sijafika getini, nilijikuta nawaza nitavaa koti lipi.

Sijatoa jibu. Ukisema nisiende, siendi.

Baba yako


25 Juni

Baba,

Usinibebeshe mimi. Ulipoandika gazetini hukuniomba ruhusa.

Nimewekwa chumba cha nyuma wizarani, meza isiyo na simu, natafsiri hotuba za watu. Kila anayepita mlangoni ananipa pole kwa sauti ya msibani. Jana mmoja wao aliniambia habari yako kabla ya barua yako kufika, nikasema "hongera kwake" huku nimeikamata kalamu mpaka ikavunjika. Sasa najua unachokisema kuhusu jino. Ninalo.

Nenda. Si kwa ajili yako. Mama kanisimulia mkokoteni.

Ila rasimu usiiguse. Najua mkono utakuwasha. Utataka uongeze hata mstari mmoja uwe wako, na mstari huo utakuwa barabara. Iache ilivyo. Na Katibu mrudishie funguo za faili. Mimi nilimrudisha kwa mdomo tu, muda wa kumkabidhi sikuupata. Mwambie ukweli, usimpigie hotuba.

Mke wa Waziri atakupakulia. Kula tu.

Binti yako


30 Julai

Mwanangu,

Tumetia saini leo. Malori yanaanza kupita kesho.

Daktari wa meno bado yupo. Katibu nilimwita siku ya kwanza, nikamwambia, "Aliyetoa siri ni mimi, wewe umeumia bure, nisamehe." Akasema, "Nilikuwa na makala zako zote, Mzee. Nilikuwa nazikata naziweka. Nilikuwa nakubaliana nazo." Sikujua pa kuweka uso. Funguo nimempa.

Ulinijua vizuri. Usiku wa kuamkia kikao cha mwisho, kalamu nilikuwa nayo, na sentensi nilikuwa nayo, nzuri sana, ina "ilhali" moja tu. Asubuhi Waziri wao akafungua rasimu akaniuliza mbele ya wote, "Mheshimiwa Balozi, upande wenu una la kuongeza?" Nikaangalia lile pengo uliloliacha. Nikakumbuka gurudumu la mkokoteni lilivyokuwa likigoma kwenye kokoto. Nikasema hatuna la kuongeza. Nikaona mabega yake yanashuka. Naye alikuwa anaomba nisiseme.

Sasa lile nisilotaka kuandika. Baada ya saini alisimama akanisifu. Alisema busara yangu, subira yangu, kwamba wamenisubiri miaka mingi. Ukumbi mzima ukasimama, wakapiga makofi. Nilipanda kujibu nikiwa nimeamua kabisa kukutaja. Jina la kazi hii ni lako, kila nukta. Nilifungua mdomo, nikawaona wote wananitazama mimi, mwanangu, mimi, na nikasema "asanteni" nikashuka.

Nimeyapokea makofi yako. Yalikuwa matamu. Nilipofika nyumbani yakageuka, lakini pale ukumbini yalikuwa matamu, na kukuambia vingine ni kukudanganya tena.

Baba yako


12 Agosti

Shikamoo Baba,

Nimeiona picha. Umependeza, koti lile la kijivu ndilo lenyewe. Nililigeuza gazeti kifudifudi, nikanywa chai, nikaligeuza tena.

Malori yamefika. Mama anasema gari la wagonjwa limejazwa mpaka juu, na dereva wake anazunguka nalo mjini bila mgonjwa, anawapungia watu mkono tu.

Kuhusu makofi. Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikitafuta hasira inayotosha. Ninayo, usidhani imekwisha. Lakini nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba ungenitaja pale, kesho yake magazeti ya huku yangesema kumbe ni mkataba wa "binti yetu", na yote yangeanza upya. Kunyamaza kwako kumeuokoa mkataba. Hukunyamaza kwa sababu hiyo, wewe unajua na mimi najua. Imetokea tu kwamba udhaifu wako na maslahi ya nchi vimepita mlango mmoja. Sikushukuru, ila siwezi kukulaumu kwa hilo moja.

Sasa habari yangu. Waziri wetu kaniita jana, kanitoa chumba cha nyuma. Ile barabara ya mlimani imefika mpakani upande wa pili, na mawe yao kule hawajaanza kuyapasua. Kunahitajika mtu wa kwenda kuzungumza nao. Mwezi ujao naondoka. Ubalozi wetu kule, nimeambiwa, uko nyuma ya duka la vioo, na wageni hupotea njia.

Kwa hiyo tutakuwa mabalozi wawili wa nyumba moja, wewe kwa mkubwa, mimi kwa huyu mwingine, na Mama katikati akisoma barua zetu barazani. Wewe ukisifiwa huko, roho itaniuma, nakuambia mapema. Na mimi nikisifiwa nitakuandikia, sitakuficha, nani kasema nini na nani kanipakulia. Ikikuuma, Baba, niandikie mimi. Usiliandikie gazeti.

Binti yako